Mkinasa kontena, naseni na kompyuta

Mhariri,

Kila shehena haramu inaponaswa bandari ya Kilindini, Mombasa, picha za magazetini huwa zilezile: kontena wazi, bidhaa zimepangwa sakafuni, maafisa wamejipanga nyuma yake. Mimi ni wakala wa forodha, na swali langu huwa moja tu. Kompyuta iliyoingiza stakabadhi za mzigo huo iko wapi?

Kontena haliondoki bandarini bila stakabadhi, na siku hizi stakabadhi zimo ndani ya mifumo. Humo huandikwa nywila ya nani ilitumika, saa ngapi, na nani aliyebadilisha maelezo usiku wa manane. Dereva wa lori mara nyingi hajui alichobeba, ilhali ndiye wa kwanza kutiwa pingu.

Yaliyotokea Antwerp, Ubelgiji, yatufungue macho. Walanguzi wa kokeni waliajiri wadukuzi, wakapenya mifumo ya kampuni za bandarini, wakajua kontena liko wapi, kisha wakatuma lori lao kabla ya mwenye mzigo kufika. Mlango huo ulipozibwa, waliingia ofisini wenyewe na kuficha vifaa vya kunasa kila herufi inayochapwa. Njama hiyo ilifichuka mwaka 2013.

Hapa kwetu Kenya sheria ya makosa ya kompyuta ipo tangu 2018, na DCI, idara ya upelelezi wa jinai, ilifunguliwa maabara ya kitaifa ya uchunguzi wa ushahidi Nairobi mwaka 2022. Kinachoniumiza kichwa ni saa ile ya kwanza, kabla kifaa hakijafika maabara. Afisa akiwasha laptopu na kuanza kupekua, tayari amebadilisha tarehe za faili. Simu ikiachwa hewani, mwenyewe anaweza kuifuta akiwa mbali. Yafaa ikatwe mtandao papo hapo, diski inakiliwe nzima bila kuandikwa chochote juu yake, na nakala ikokotolewe namba maalumu: herufi moja ikiguswa, namba hugeuka. Hata faili iliyofutwa huweza kubaki hapo hadi nafasi yake ichukuliwe na nyingine.

Zaidi ya hayo, kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinadai cheti cha kuthibitisha nakala. Bila cheti hicho, wakili ataubomoa ushahidi asubuhi moja, na wa Mombasa si wa kuchezewa.

Pembe za ndovu zilizopatikana mtaa wa Tudor hapa Mombasa Juni 2014 zilizidi tani mbili. Mshtakiwa mkuu alihukumiwa miaka 20 mwaka 2016, Mahakama Kuu ikamwachilia 2018. Simlaumu jaji, maana huamua kwa alicholetewa. Lakini pembe zikabaki bila mwenyewe.

Wapo wanaohofia polisi kuchokora simu zetu ovyo. Hofu hiyo ni halali, na ndiyo maana nataka waranti kwanza na kila mkono ulioshika kifaa uandikwe.

Kwa sasa naomba Halmashauri ya Bandari itujibu: kumbukumbu za walioingia kwenye mifumo huhifadhiwa kwa muda gani, na ni nani mwenye uwezo wa kuzifuta?

Wakala wa forodha,
Mombasa