Siki ni elfu mbili, sasa elfu themanini ni ya nini?

Mama mmoja wa Makorora, hapa Tanga, alituachia ujumbe wa sauti wiki iliyopita, sisi tunaosafisha ukungu majumbani. Kwa kuwa si wa kwanza kuyasema hayo, tumeona tumjibu hapa na wengine wasikie. Alisema: "Mmekuja kwangu na siki na magadi soda, vitu ambavyo jikoni ninavyo, mkachukua elfu themanini. Leo wiki ya tatu, ukungu umerudi palepale. Huu ni wizi."

Neno hilo lilituuma, kwa hiyo tulirudi kwake siku ileile na hatukumtoza hata nauli.

Chumba chenyewe ni cha watoto, na ukuta wenye shida umepakana na bafu. Kuanzia sakafuni hadi usawa wa goti ukuta ulikuwa wa baridi, na plasta ukiibonyeza kwa kidole gumba inabonyea kama mkate uliolowa chai. Juu ya goti pakavu kabisa. Haya tulimwonyesha tangu siku ya kwanza. Tulimwambia, mama, huu si mvuke wa chumba, kuna bomba linavujia ndani ya ukuta, mwite fundi bomba kwanza. Akasema bomba litasubiri mwisho wa mwezi, tumsafishie tu kwa sasa maana wageni wa harusi wako njiani. Tukasafisha, ukuta ukang'aa, harusi ikapita. Kosa letu ni kuikubali ile kazi, na tumemwambia hivyo. Fundi bomba alipotindua ukuta juzi alikuta elbo, yaani kiungo cha kona, ya bomba la bafu imepata ufa mwembamba kama unywele, inadondosha usiku na mchana.

Siki inaua ukungu ulioko juu ya ukuta, lakini maji haiwezi kuyaondoa. Mbegu za ukungu zinaelea hewani kila nyumba, kuanzia Raskazone mpaka Pongwe, hazionekani kwa macho, zinangoja tu mahali penye unyevu zitue. Ukiua wa leo na ukuta ukabaki umelowa, unaota mwingine. Kwa hiyo ile elfu themanini sehemu ndogo sana ni ya siki. Nyingine ni ya kutafuta maji yanatoka wapi, na ya kurudi kwako mara mbili au tatu kuhakikisha ukuta umekauka.

Kutafuta maji ndiyo kazi yenyewe. Tunakata kipande cha nailoni, tunakibandika ukutani kwa utepe wa gundi pande zote nne, tunakiacha siku mbili. Matone yakijikusanya upande wa ndani, unaogusa ukuta, maji yanatoka ukutani: bomba, msingi au bati. Yakiwa upande wa nje, unaotazama chumba, ni mvuke wa hewa, na hapo dawa ni madirisha. Tulikwenda nyumba moja Chumbageni, mteja ameshanunua bati jipya la mgongo wa paa kwa sababu dari la chumba cha kulala lilikuwa na madoa meusi. Nailoni ikaonyesha shida ni mvuke. Kabati kubwa la nguo liliziba dirisha lote la upande wa kusi, na nguo mbichi zilianikwa humohumo ndani wakati wa masika. Tulisogeza kabati, tukasafisha, basi. Lile bati liko uani mpaka leo.

Sasa njia ya mkato inayotupa kazi nyingi kuliko zote: kupaka rangi juu ya ukungu. Mwenye nyumba anataka mpangaji aingie tarehe moja, anaona doa, anatuma kijana alete kopo la rangi ya mafuta. Doa linafichika kweli, ila unyevu umefungiwa ndani. Ikifika Aprili rangi inatoa malengelenge, ukiyatoboa yanatoa maji, kisha inabanduka vipande vikubwa pamoja na plasta. Nyumba moja ya Raskazone tuliifanyia hesabu kabla ya rangi, mwenyewe akaona ghali. Mwaka uliofuata alituita tena, na safari hii ilibidi tubomoe plasta ya ukuta mzima na kuweka mpya. Alilipa zaidi ya mara nne ya hesabu ya kwanza. Hatumcheki, tunasikitika tu, kwa sababu tulimwambia.

Nyumba za zamani za mawe ya matumbawe tunaomba mtusikilize zaidi. Kuta zile zimejengwa kwa chokaa, na chokaa inapumua: inavuta unyevu na kuutoa nje. Ukizifunika kwa plasta ya saruji umeziba pua. Maji yanapanda kutoka chini, hayana pa kutokea, yanapanda tena mpaka kifuani. Na siki pale usiguse, wala limau. Ni tindikali, inakula chokaa, sawa na inavyokula terazo na marumaru. Tumeona sakafu ya terazo iliyosuguliwa kwa limau ikapoteza mng'ao moja kwa moja. Kwenye kuta hizo dawa ni chokaa yenyewe iliyozimwa, inapakwa nyepesi mikono mitatu, kila mmoja ukauke kabla ya mwingine. Ukali wa chokaa hiyo ukungu hauuwezi. Lakini vaa glavu na miwani, maana jicho nalo haliuwezi.

Halafu si kila kinachoota ukutani ni ukungu. Ule unga mweupe unaochipuka kama pamba ni chumvi, mara nyingi ya maji yanayopanda kutoka chini au ya mchanga wa baharini uliojengewa. Nyunyizia maji kidogo: ukiyeyuka na kupotea, ni chumvi. Siki hapo ni kupoteza bure. Pangusa kwa brashi kavu, zoa, na usirudishe maji ukutani. Na zile duara za rangi ya chai kwenye dari ni uchafu uliobebwa na maji ya bati linalovuja. Siki haiziondoi. Ziba bati, acha dari likauke, kisha paka andakoti ya mafuta ndipo rangi. Dari la jipsamu lililokwisha lainika na kuota weusi halisafishwi, linakatwa.

Kama doa lako ni dogo, tuseme halizidi mita moja kwa mita moja, na chanzo chake umekiziba, fanya mwenyewe, wala usitulipe. Fungua madirisha, toa watoto, hasa mwenye pumu. Jifunge barakoa. Usisugue doa likiwa kavu, maana unazirusha zile mbegu chumba kizima, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Lilowanishe kwa siki nyeupe bila kuichanganya na maji, liache saa nzima, kisha futa kwa kitambaa ambacho utakitupa. Pitisha kitambaa cha maji safi, washa feni, ukuta ukauke. Kwenye mistari ya vigae vya bafuni tumia magadi soda iliyokorogwa na maji kidogo iwe nzito, sugua kwa mswaki wa zamani. Lakini usiimwage siki juu ya magadi soda kama wanavyoonyesha kwenye video. Lile povu linavutia macho, ila tindikali na magadi vimeshamalizana nguvu na umebaki na maji ya chumvichumvi. Tumia kimoja, suuza, kesho tumia kingine.

Na kwa jina la Mungu, siki na jiki visikutane. Vikichanganyika vinatoa hewa ya klorini. Kijana mmoja wa Mikanjuni alifanya hivyo bafuni akiwa amefunga mlango ili "dawa ifanye kazi". Tulipofika kwa ajili ya kazi nyingine tulimkuta kibarazani ameshika kifua, macho mekundu, anakohoa hawezi kusema. Alipelekwa hospitali na Mungu akamnusuru.

Mama wa Makorora ukuta wake sasa uko uchi, plasta mbovu imetolewa, bomba limebadilishwa, na dirisha linaachwa wazi upepo wa kusi upite. Anataka tupake Ijumaa. Tumemwomba atupe wiki tatu, ikibidi nne. Tutabandika nailoni, na ikitoka kavu tutaweka plasta, ikishakauka nayo tutapaka. Kazi hiyo ya pili hatumdai.