Jina kwenye gitaa langu nimelifuta kwa msasa

Mhariri, naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua maana hili jambo limenikaa kooni wiki mbili sasa.

Kuna kijana kwenye kwaya yetu hapa Mbagala anajifunza gitaa, ana bidii kweli, siku moja baada ya mazoezi akanifuata akaniambia kaka, nina laki nne nimeziweka kwenye kibubu, ukipata gitaa lingine naomba uniuzie hilo lako jeusi la Gibson. Mi nikanyamaza. Nilinyamaza kwa sababu lile gitaa sio la Gibson, ile kampuni kubwa ya magitaa ya Marekani, ni feki, na nimelijua hivyo kwa miaka mitatu bila kumwambia mtu, kila Jumapili nasimama nalo mbele ya watu na lile jina linang'aa pale kichwani. Na niseme ukweli wote, kwa dakika kama mbili hivi niliwaza nimuuzie tu yaishe.

Nililinunua mjini kwa laki sita na nusu, muuzaji akaapa ni orijino, eti limekuja na kontena la mtumba kutoka Marekani. Bei peke yake ilitakiwa inishtue, gitaa la Gibson la aina hiyo, Les Paul Standard, likiwa la kweli na jipya linazidi dola 2,500, hayo ni mamilioni, lakini ukishakitamani kitu unaacha kuuliza maswali. Baada ya miezi kama minane shingo ikaanza kupinda, nyuzi zikapanda juu mpaka vidole vinauma, ukilituni wimbo wa kwanza likifika wimbo wa pili limeshatoka. Nikalipeleka kwa fundi, mzee mmoja aliyepigia bendi zamani, akakitazama kile kifuniko kidogo kwenye kichwa cha gitaa akasema mdogo wangu, hapa pana skrubu tatu, Gibson wanaweka mbili. Akafungua nyuma, ndani nyaya nyembamba kama uzi wa kushonea. Hakunicheka yule mzee, akalifunga akanirudishia taratibu kama mtu anayekurudishia cheti cha hospitali.

Sasa wenzangu wanamuziki najua mtasemaje, maana hata mi nilijiambia hivo hivo miaka yote mitatu. Kwamba sisi hatuna hela, Gibson hata hawajui kama Mbagala ipo, na kwa kuwa nisingeweza kununua ya kwao basi sijawapunguzia kitu. Hiyo hoja siidharau. Enzi za bendi kama Nuta Jazz na Urafiki Jazz vyombo vilikuwa vya mwajiri, Nuta vya chama cha wafanyakazi, Urafiki vya kiwanda cha nguo, mpiga gitaa akiondoka anaondoka na vidole vyake tu, gitaa linabaki. Kwa hiyo kijana wa leo kuwa na gitaa lake mwenyewe chumbani kwake ni jambo kubwa, asiyejua hilo hajawahi kusubiri zamu ya kushika chombo cha kanisa.

Lakini ukiwa huna hela unachohitaji ni gitaa la bei ndogo, na magitaa ya bei ndogo yenye jina lake halisi yapo tele, hapo ndo hoja yangu ya zamani ilipokufa. Gibson wenyewe waliinunua Epiphone, kampuni nyingine ya magitaa, tangu 1957 na leo Epiphone inatoa Les Paul ya umbo lile lile kihalali kwa bei iliyo chini mno. Fender, kampuni nyingine kubwa ya Marekani, wana magitaa yao ya bei nafuu yenye jina la Squier toka 1982. Yamaha wana magitaa ya wanafunzi (hayo nayo yanafojiwa, angalia sana aina ya F310). Na kuna viwanda vingi China vinavyotengeneza magitaa mazuri tu na kuandika majina yao, hao siwasemi kabisa, wananuka jasho la kazi halali. Ile laki sita na nusu yangu ningeongeza kidogo ningepata kitu kinachoshika tyuni. Niliona aibu jina dogo. Ndo ukweli wenyewe, nilinunua jina, sikununua gitaa.

Kingine watu wanachanganya kuiga na kughushi. Wajapani waliiga sana magitaa ya Marekani miaka ya 70, mpaka 1977 wenye Gibson wakamfungulia kesi msambazaji wa magitaa ya Kijapani ya Ibanez kule Marekani kwa ajili ya umbo la kichwa cha gitaa, Ibanez wakageukia kuchora vya kwao na leo nao ni jina linalotamaniwa. Fender nao walipotaka kusajili Marekani maumbo ya magitaa yao ya Stratocaster na Telecaster na besi yao ya Precision wakakataliwa mwaka 2009, kwa kuwa kila mtu alishayatengeneza kwa miaka mingi na hawakuzuia. Kwa hiyo fundi wa Dar akichonga mbao kwa umbo la Strato akaandika jina lake pale kichwani hajamkosea mtu, mi nitamnunulia na kumsifia. Kosa linaanza pale anapoandika jina la mwingine.

Maana jina ni anuani, Mhariri, linakwambia uende kumuuliza nani. Hao hao Gibson serikali ya Marekani iliwavamia viwandani 2009 na tena 2011 kwa sababu ya mbao, kuna mbao nyeusi ya ebony ya Madagaska iliyokuwa na maswali na mbao nyingine za India, na mwaka 2012 wakakubali kulipa faini ya dola 300,000 na dola 50,000 nyingine za kusaidia uhifadhi. Siwatetei, walikosea na wakabanwa. Walibanwa kwa sababu wana mlango unaoweza kugongwa. Aliyelitengeneza gitaa langu mimi mlango wake uko wapi? Mbao yake ilikatwa msitu gani, aliyeipulizia rangi alilipwa shilingi ngapi, alivaa hata kitambaa puani? Hakuna wa kuulizwa. Na hili linatugusa sisi moja kwa moja kwa sababu mpingo, mti wetu wa taifa, ndo unaochongwa klarineti na oboi, vyombo vya kupuliza vya Ulaya, na vijiji vya Kilwa vilipata cheti cha FSC, cha kimataifa cha misitu inayotunzwa vizuri, mwaka 2009 kwa kutunza misitu yao wenyewe, watu wamehangaika ili mbao yao ijulikane imetoka wapi na wao wapate haki yao. Mti unachukua zaidi ya miaka 70 kufikia kuvunwa. Biashara ya feki inaenda kinyume na kazi yote hiyo, uhai wake ni kutojulikana kitu kimetoka wapi.

Na makanisani na kumbini hali ni hiyo hiyo, sio magitaa tu. Maiki ya SM58 ya Shure, ile imekuwepo tangu 1966, sidhani kama kuna chombo kinachofojiwa kama hicho. Ya kweli ina gramu 298, chukua mzani wa duka la rejareja upime ya kwenu. Kamati imechangisha waumini, mama muuza maandazi katoa elfu tano yake, afu zinanunuliwa maiki sita zikipandishwa kidogo zinapiga mluzi mpaka watoto wanaziba masikio, na fundi mitambo ndo anayelaumiwa hajui kazi. Yule mama kaibiwa na hajui kama kaibiwa.

Desemba 2024 forodha ya Marekani ilitangaza imekamata magitaa feki ya Gibson zaidi ya 3,000 kwenye bandari za Los Angeles na Long Beach, yangekuwa ya kweli yangezidi thamani ya dola milioni 18. Hapa kwetu Tume ya Ushindani ina meno, Sheria ya Alama za Bidhaa inayokataza bidhaa za kughushi ipo tangu 1963, naiomba Tume ipite na kwenye maduka ya vyombo vya muziki ikiwa na fundi anayevijua, maana kwa macho ya kawaida vinafanana kabisa.

Ila sitaki kumwachia kila kitu serikali. Kulipiga gitaa feki ulilouziwa kwa kudanganywa sioni kama ni dhambi, mbao ni mbao na sauti inatoka, ukilitupa umeongeza takataka tu. Kulinunua huku unajua, hapo umempa hela mtu wa kutengeneza la pili. Na kuliuza kwa kijana anayekuita kaka bila kumwambia, hilo ndo baya kuliko yote, afadhali hata muuzaji wa mjini ambaye hanijui wala simjui. Na kusimama nalo madhabahuni jina likiwaka, huku unaona vijana wanavyolitazama, nao ni uongo ingawa hujafungua mdomo.

Jumatatu nilimwita yule kijana nikamwambia yote, na bei niliyonunulia, na zile skrubu tatu. Alikaa kimya muda, afu akauliza kwa hiyo kaka hata sauti ile tunayoipenda ni feki? Nikamwambia hapana, sauti ni vidole. Nikatafuta msasa tukalifuta jina pamoja pale uani, rangi nyeusi ikatoka na chini ikaonekana mbao nyeupe laini hata sijui ni mbao gani. Anajifunzia hilo kwa sasa, bure, na mwisho wa mwezi tunaenda naye mjini na laki nne zake kutafuta gitaa lake. Jumapili iliyopita mzee wa kanisa akaniuliza mbona gitaa limekwaruzwa pale juu, nikamweleza mbele ya kwaya nzima.

Mpiga gitaa wa kwaya,
Mbagala, Dar es Salaam