Usishushe injini kabla haijapimwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wenye magari wa Mbeya, Songwe, Njombe na Iringa. Injini ikianza kula oili au kukosa nguvu mlimani, mwenye gari hujikuta akichagua moja kati ya mawili: aifungue mwenyewe nyuma ya nyumba, au aipeleke gereji ikafanyiwe ovaholi, yaani ifunguliwe yote na kufungwa upya. Uchaguzi huo hufanywa mapema mno. Kwanza ijulikane kama injini inastahili kufunguliwa, na hilo halijulikani kwa kusikiliza mlio wala kunusa ekzosi. Linajulikana kwa geji, na geji ya kompresheni, inayopima mgandamizo ndani ya silinda, mtu yeyote makini anaweza kuitumia.

Injini ipate moto wake wa kawaida. Toa plagi zote, kata umeme wa pampu ya petroli na wa koili, kanyaga pedeli ya mafuta hadi mwisho, kisha piga stata mizunguko mitano au sita kwa kila silinda na uandike namba. Betri iwe imejaa, maana stata ikizunguka kivivu namba zote zitakuwa za uongo. Kwa injini ya 1NZ-FE, ile ya baadhi ya Toyota IST zilizojaa Mwanjelwa na Kihesa, kitabu cha kiwanda kinataja pauni 213 kwa inchi ya mraba kwa injini nzuri, kikomo cha chini 156, na tofauti ya silinda kwa silinda isiyozidi 14.

Hapa ndipo watu wa nyanda za juu wanapoumia. Namba hizo zinafaa usawa wa bahari. Mbeya mjini ni kama mita 1,700 juu, na mgandamizo wa hewa ni kama asilimia 82 tu ya ule wa Dar es Salaam. Injini inayosoma 213 Dar es Salaam itasoma kama 175 hapa bila kuwa na ugonjwa wowote, na kile kikomo cha 156 kinashuka hadi kama 128. Iringa, iliyo chini kidogo, itasoma juu kidogo, na Njombe chini zaidi. Fundi anayeona 165 akatamka kwamba ringi za pistoni zimekwisha anaihukumu injini kwa kosa la mlima. Tofauti kati ya silinda inasema mengi kuliko namba yenyewe: 165, 168, 162, 165 ni injini ya kuachwa ifanye kazi. Ila 170, 168, 118, 172 ina neno la kusema kuhusu silinda ya tatu.

Silinda iliyo chini, imiminie oili kijiko kimoja cha chai kupitia tundu la plagi, zungusha kidogo, upime tena. Namba ikipanda sana, upepo unapita kwenye ringi au ukuta wa silinda umelika. Isipopanda, tafuta kwenye vali. Silinda mbili zinazopakana zikiwa chini kwa pamoja, mara nyingi gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya bloku na kichwa cha injini, imeungua katikati yao. Kipimo hiki cha oili ni cha injini za petroli tu. Kwenye dizeli nafasi iliyo juu ya pistoni ni finyu sana, hivyo oili inaweza kuwaka yenyewe, au kuizuia pistoni isipande na konrodi, mkono unaoishika pistoni, ikapinda.

Baridi yetu nayo huwadanganya wengi. Mwezi wa Juni na Julai, moshi mweupe wa asubuhi unaokatika injini ikipata moto ni mvuke tu. Utando wa rangi ya maziwa chini ya kifuniko cha oili, kwa gari linalokwenda kilomita tatu sokoni na kurudi, mara nyingi ni unyevu ulioganda kwa baridi. Chomoa kijiti cha kupimia oili: oili yote ikiwa kama chai ya maziwa, na maji ya rejeta yanapungua bila kuonekana yanapovujia, hapo gasketi ina kesi. Moshi wa bluu wa sekunde chache asubuhi, au ule unaotoka ukikanyaga tena mafuta baada ya kuteremka Kitonga, unaelekeza kwenye sili za vali, na kwenye injini nyingi sili hubadilishwa bila kushusha injini. Moshi wa bluu unaokufuata mlima mzima gari likiwa na mzigo ndio wa ringi.

Nimeyataja haya kwa urefu kwa sababu injini nyingi hufunguliwa bila haja, na injini iliyofunguliwa kienyeji hairudi ilivyokuwa.

Sasa tuseme vipimo vimethibitisha kwamba injini imechoka. Kazi ya ovaholi si moja. Kuna kufungua na kusafisha, kuna kupima na kuchonga, na kuna kufunga. Kufungua na kusafisha mwenye gari mwenye subira anaweza, kama ana winchi imara na mahali penye sakafu. Tawi la mparachichi halifai, kwani hata injini ndogo ya petroli ina uzito wa kama kilo 100, na ile ya silinda sita ya Land Cruiser inazidi hiyo maradufu. Piga picha kila waya na kila paipu kabla ya kuchomoa. Vifuniko vya beringi vya krenki, ile shafti kuu inayozunguka, na vya konrodi vitiwe alama ya namba na upande, kwa sababu kila kimoja kilichongwa kikiwa mahali pake na hakibadilishwi na cha jirani. Vali nazo zipangwe kwa mfuatano zilivyotoka.

Kupima na kuchonga hakuna cha kujadili, lipa karakana ya mashine. Nafasi ya oili kati ya beringi na krenki kwa injini nyingi ndogo ni kama milimita 0.02 hadi 0.05, yaani chini ya unene wa unywele. Hakuna jicho wala kidole kinachoona hapo. Ikibana, beringi inaungua. Ikizidi, presha ya oili inashuka na injini inagonga mpaka inakwama kabisa. Uso wa hedi nao ukipindika zaidi ya milimita 0.05 kwa hedi ndogo za alumini, gasketi mpya itaungua tena hata iwe orijino. Hupimwa kwa rula ya chuma iliyonyooka na fila geji (vibapa vya kupimia mwanya), kwa urefu, kwa upana na kwa mshazari. Kuusugua kwa msasa wa mkono au kwa grainda ni kuchimba mabonde.

Kabla ya kuchonga, jua injini uliyonayo. Dizeli za Toyota za bloku ya chuma kama 5L na 1HZ hukubali kuchongwa silinda na kuwekewa pistoni za ovasaizi, yaani kubwa zaidi, kwa mfano kwa milimita 0.50. Ile 1NZ-FE ina bloku ya alumini yenye laina nyembamba za kama milimita mbili, na kiwanda hakikuikusudia ichongwe. Silinda zake zikiwa zimelika kupita kiasi, ushauri wangu ni kutafuta injini nyingine ya mtumba, na uipime kompresheni kabla ya kulipa. Namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari, kwa hiyo ukibadilisha peleka taarifa Mamlaka ya Mapato, TRA.

Pistoni zinunuliwe kabla ya kuchonga. Wengi huchonga kwanza kwa kukisia, halafu pistoni zinafika kutoka Kariakoo zikiwa na tofauti. Fundi wa mashine anapaswa kuipima kila pistoni kwa maikromita na kuichongea silinda yake.

Kufunga ndiko penye swali la kweli la mimi au fundi. Msimamo wangu ni huu: gereji isiyo na toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza), maikromita na kitabu cha vipimo cha injini yako haikuzidi kitu zaidi ya mazoea, na mazoea ndiyo yanayokaza bolti za hedi kwa nguvu ya bega. Kwa 1NZ-FE bolti za hedi hukazwa kwa nyutonimita 29, kuanzia katikati kwenda pembeni, kisha kila moja huongezwa nyuzi 90, halafu tena nyuzi 90. Bolti za namna hiyo hurefuka kidogo kila zikikazwa, kwa hiyo zipimwe au zibadilishwe. Matundu yake yapulizwe kwa upepo mpaka yakauke. Oili au maji yakibaki chini ya tundu, bolti ikishuka hayana pa kwenda, na bloku hupasuka.

Kosa linaloua ovaholi nyingi kuliko yote ni uchafu wa kazi yenyewe. Silinda ikishahoniwa, yaani kukwaruzwa laini kwa mawe, vumbi la mawe ya kuhonia hubaki ndani ya mikwaruzo. Petroli hailitoi, inalisukuma tu ndani zaidi. Osha kwa maji ya moto, sabuni ya unga na brashi, kausha kwa upepo, kisha papo hapo pangusa kwa kitambaa cheupe chenye oili. Kitambaa kikitoka na kijivu, rudia. Kuna bloku zinazohitaji kuoshwa mara nne. Njia za oili ndani ya krenki zipitishwe brashi nyembamba na upepo. Upepo wa kiangazi wa Uyole ukivuma vumbi, kazi ya kufunga isubiri chumba chenye mlango. Ndiyo maana ukinionyesha gereji yenye vifaa vyote lakini inafunga injini kando ya barabara, nitakuambia kafunge nyumbani.

Ringi ziingizwe kwanza zenyewe ndani ya silinda na mwanya wake upimwe kwa fila geji. Kwa silinda ya milimita 75 mwanya wa kama 0.3 ni wa kawaida, ila fuata kitabu. Mwanya ukiwa finyu, ringi ikipata joto ncha zake hugongana na kuvunjika. Alama iliyo kwenye ringi itazame juu. Ringi ikifungwa kichwa chini itavuta oili kuipeleka kwenye moto, na mwenye gari ataambiwa spea ni feki. Midomo ya ringi isipangwe mstari mmoja. Baada ya kukaza kila kifuniko cha beringi, zungusha krenki kwa mkono. Ikigoma ghafla, simama hapo hapo, usiendelee kukaza ukitumaini italegea.

Kwa wenye dizeli, pampu na nozeli ziende kwa wenye benchi la kupimia, hata kama kazi nyingine yote unafanya mwenyewe. Nozeli inayodondosha badala ya kunyunyiza hutoboa pistoni mpya ndani ya safari chache.

Siku ya kuwasha, jaza oili yenye alama ya ubora ya Shirika la Viwango, TBS, na daraja linalotakiwa, toa plagi, zungusha kwa stata kwa vipindi vifupi mpaka taa ya oili izimike, ndipo urudishe plagi. Ikiwaka usiiache ikinguruma taratibu kwa saa nzima kama ilivyozoeleka. Ringi hukaa mahali pake kwa kusukumwa na nguvu ya mwako, na kunguruma taratibu kwa muda mrefu huziacha ziking'arisha ukuta bila kushika. Toka nayo barabarani, mzigo mwepesi, ongeza mwendo na kuachia, tena na tena. Kipande cha Chimala hadi Igawa kinafaa kuliko Mlima Nyoka. Oili ya kwanza na filta vimwagwe kilomita 500. Pasua filta hiyo na utazame karatasi yake: vumbi jepesi la chuma ni la kawaida, vipande vinavyong'aa vya beringi si vya kawaida.

Rudisha themostati, ile vali inayozuia maji ya rejeta mpaka injini ipate moto. Mafundi wengi huitoa ili injini isichemke, na hapa kwetu ni kosa zito. Bila themostati injini hubaki ya baridi asubuhi nzima, petroli isiyoungua huosha oili ukutani, na ringi zinalika. Inayochemka dawa yake ni rejeta iliyozibuliwa, feni inayovuta, kolanti na kifuniko cha rejeta kinachoshika presha. Kwa mwinuko wa Mbeya maji ya wazi huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, kwa hiyo kifuniko kilicholegea kinatosha kukuchemshia gari Igurusi hujafika.

Nina ombi moja kwa karakana za mashine za Mbeya na Iringa: mteja akileta bloku, krenki na hedi, mpeni karatasi yenye vipimo vya kila silinda na kila shingo ya krenki, kabla ya kuchonga na baada ya kuchonga. Na kwa vyuo vya ufundi vya VETA na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, fungueni mafunzo mafupi ya jioni ya kutumia maikromita, bore geji na toki renchi, kwa mafundi wa mitaani na kwa wenye magari pia.

Fundi mitambo,
Uyole, Mbeya.