Maandishi Yangu Yaliko

Mwanangu mpendwa,

Juzi uliniuliza maandishi yangu yote yako wapi. Swali hilo limenikaa moyoni, na jibu lake ni refu kuliko la simu.

Yametawanyika, mwanangu. Nimeanika maneno yangu kwenye kamba za majirani: habari za mtaa kwenye blogu, picha Flickr, mabishano Twitter, ambayo sasa ni X, na mapishi ya nyanya yako kwenye tovuti ya rafiki yangu. Jirani akihama, huondoka na kamba yake. GeoCities, iliyohifadhi kurasa za watu, ilifungwa 2009, mtandao wa kijamii wa Google+ ukafuata Aprili 2019, na kurasa nyingi za watu zikapotelea huko.

Ya zamani utayatambua kwa ufupi wake. Nilikuwa naandika kwanza kwenye daftari nyumbani mtaani Umoja, halafu nashuka mjini Nairobi hadi saiba, duka la intaneti, kwenye barabara ya Tom Mboya kuyachapa mbiombio, kwani pale ulilipia kila dakika. Picha nilizipunguza mno. Kabla ya nyaya za baharini kufika Mombasa mwaka 2009, intaneti yetu ilipitia setilaiti, polepole na kwa bei ya kuumiza. Kwa hiyo picha yako ya ubatizo ikikosa kuonekana vizuri, usilaumu kamera.

Ninayoyathamini kuliko yote ni ya Januari 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi. Serikali ilikuwa imepiga marufuku matangazo ya moja kwa moja tarehe 30 Desemba 2007, watu wakabaki na SMS na blogu. Kila jioni niliandika nilichokiona: duka gani limefunguliwa, unga umefika bei gani, barabara ipi haipitiki. Chini yake Wakenya walio ng'ambo waliulizia jamaa zao, na wasomaji wa hapa wakawajibu. Yale majibu ndiyo yenyewe hasa, kuliko hata niliyoandika mimi. Kampuni iliyohifadhi blogu hiyo ilifunga biashara. Sehemu yake bado ipo Internet Archive, shirika la San Francisco linalotunza nakala za tovuti tangu 1996, lakini picha nyingi hazifunguki na mazungumzo mengine yamekatika katikati.

Sasa sikiliza hili vizuri. Barua pepe yangu ya Gmail ndiyo ufunguo wa kila kitu, kwa sababu nywila ikisahaulika mahali popote, ujumbe wa kuibadilisha hutumwa huko. Tangu Desemba 2023 Google huweza kufuta akaunti isiyotumika kwa miaka miwili. Nimeshaingiza jina lako kwenye mipangilio yake, ili nikinyamaza muda mrefu upelekewe taarifa na uweze kupakua vilivyomo. Tovuti yangu ya .co.ke hulipiwa kila mwaka. Tafadhali usiache malipo yapite, maana jina likiachiliwa mtu mwingine anaweza kulichukua.

Mabishano ya Twitter yaache yaende. Yalikuwa ya siku yake, na wengi niliogombana nao tulishapatana. Mapishi nayo yamo kwenye daftari la jikoni.

Jumamosi ukija, beba flashi kubwa. Tutaanza na Januari 2008, ukurasa baada ya ukurasa, pamoja na maoni ya wasomaji, na nitakueleza nani alikuwa nani.

Mama yako