Mzee akitoka hospitali msimlaze tena

Ndugu Mhariri,

Naandika kutoka Bombo, hapa Uganda, juu ya kitu kinaniuma sana, vile tunavyowatunza wazee wakishatoka hospitali. Mzee alikuwa anatembea vizuri tu, msikitini anaenda, kwa jirani anaenda, alafu nimonia inampiga analazwa wiki nzima, akirudi nyumbani kila mtu anasema mwacheni apumzike, chakula kitandani, chai kitandani, hata maji ya kunawa anapelekewa pale pale, mwezi ukiisha hawezi kwenda chooni bila kushikwa na watu wanasema ndo uzee huo. Jamani si uzee peke yake. Ni kulala.

Marekani kuna watafiti waliwalaza wazee wazima kabisa kitandani siku 10 tu, matokeo yakatoka 2007, kwa wastani kila mmoja alipoteza karibu kilo moja ya nyama ya miguu. Na hao walikuwa hawaumwi, wanakula vizuri. Sasa bibi yetu wa miaka 80 mwenye homa na hataki hata uji, yeye atabaki na nini?

Lakini ile nguvu inarudi, na hapa ndo nataka wasomaji wako wasikilize vizuri. Mwaka 1990 daktari Maria Fiatarone na wenzake kule Boston walichukua wazee 10 dhaifu wanaoishi kwenye nyumba ya kutunza wazee, wastani wa umri miaka 90, wakawapa mazoezi ya kuinua uzito kwa miguu wiki 8. Si kupunga punga mikono, ni uzito mzito kweli, na ulikuwa unaongezwa kadiri mtu anavyopata nguvu. Nguvu ya miguu iliongezeka kwa wastani wa 174%, na wawili wakaacha kutembea na fimbo. Miaka 90! Mwaka 1994 wakarudia na wazee 100, wengine wakapewa kinywaji cha lishe bila mazoezi, na hicho kinywaji peke yake hakikuwasaidia kupata nguvu, kwa hiyo sisi tunaonunua maziwa na uji wa soya alafu tunamwacha mzee amelala, kazi tumefanya nusu.

Tena si lazima mashine. Utafiti mwingine wa Marekani uliotoka 2014 ulifuata watu 1,635 wa miaka 70 mpaka 89, kazi yao kubwa ilikuwa kutembea, pamoja na mazoezi ya miguu na ya kusimama bila kuyumba, na waliofanya hivyo hatari yao ya kushindwa kutembea ilipungua kwa 18% kulinganisha na waliopewa masomo ya afya tu.

Nyumbani unaweza kuanza na kiti cha mbao, kiegemeze ukutani kisiteleze, mzee akunje mikono kifuani, ainuke mpaka asimame wima, alafu ashuke polepole bila kujitupa. Akishindwa mkono mmoja ushike meza, wewe simama karibu. Ikishakuwa rahisi mwongezee mara, baadaye ashike kijerikani chenye maji kidogo. Ni misuli ile ile inayomwinua kwenye mkeka na kwenye sijida, na ile ya kuchuchumaa kwenye choo cha shimo, ambapo mti mmoja imara wa kushika unasaidia sana.

Aliyepigwa na kiharusi ni habari nyingine. India walijaribu kuwafundisha familia wawafanyishe wagonjwa wa kiharusi mazoezi nyumbani, wagonjwa 1,250, matokeo ya 2017 hayakuonyesha faida yoyote zaidi ya matibabu ya kawaida. Huyo anahitaji fizio, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, na mtu wa kijijini kumpata fizio ni safari ya hospitali kubwa na nauli ya teksi, wakati pesa ya SAGE, ule msaada wa serikali kwa wazee, ni shilingi 25,000 kwa mwezi. Serikali ilitazame hilo, familia haiwezi kubeba mzigo huu peke yake.

Ombi langu ni hili. Siku ya kulipa SAGE wazee wa miaka 80 kwenda juu wanakusanyika sehemu moja, wanakaa foleni masaa mengi. Shirika la Afya Duniani lina kipimo rahisi, mzee ainuke kwenye kiti mara tano bila kutumia mikono ndani ya sekunde 14. VHT, yule mhudumu wa afya wa kijiji, akiwa na kiti na simu yenye saa kipimo kinafanyika pale pale kwenye foleni. Atakayeshindwa aandikwe jina, afuatwe nyumbani wiki hiyo hiyo aonyeshwe mazoezi pamoja na wajukuu wake, na asiyefika siku hiyo kwa sababu hawezi kutembea, anayemchukulia pesa aulizwe mzee amelala tangu lini.

Msomaji wako,
Bombo