Barua ya Wazi kwa Waziri wa Elimu wa Uingereza: Waacheni Wafanye Mtihani Kwanza

Mheshimiwa Waziri,

Tunakusalimu kwa heshima. Serikali iliahidi mwaka 2021 kuwafundisha Kilatini wanafunzi wa shule za serikali: pauni milioni 4, shule 40, miaka minne kuanzia Septemba 2022. Desemba 2024, watoto wakiwa katikati ya mwaka wa masomo, wizara yako ikatangaza kwamba fedha zinakoma Februari 2025. GCSE, mtihani ambao wanafunzi hufanya wakiwa na miaka kama 16, hufanyika Mei na Juni. Mheshimiwa, miaka minne haijatimia, na Februari si mwisho wa mwaka wa shule.

Huenda wizara inadhani Kilatini ni msamiati tu, mtoto atajisomea. Msamiati upo, maneno kama 450, na huo kweli anaweza kuukariri nyumbani. Kinachohitaji mwalimu ni miisho ya maneno. Tazama *agricolam puella amat*. Mwanafunzi mchanga hufuata mpangilio wa Kiingereza na kuandika "mkulima anampenda msichana". Kumbe ile *m* ya mwisho wa *agricolam* inasema mkulima ndiye anayependwa: msichana anampenda mkulima. Mwalimu humshika mkono: anza na kitenzi, angalia kama kinaishia na *t* au *nt*, ndipo umtafute mtendaji, wa umoja au wa wingi, halafu mtendwa. Wiki sita bila wa kumsahihisha, anarudi kubahatisha.

Hayo ni maneno matatu tu. Kwenye mtihani kuna *urbe capta, milites discesserunt*: mji ulipokwisha kutekwa, askari waliondoka. Wengi huandika kwamba mji uliwateka askari, ilhali *urbe capta* imesimama pembeni, yote katika ablativu (umbo la neno linaloonyesha hali au namna tendo lilivyotokea), si mtendaji wala mtendwa. Kosa hili haliondoki kwa somo moja. Linaondoka kwa sentensi nyingi, daftari kwa daftari. Na karatasi ya lugha, saa moja na nusu, ndiyo nusu ya alama zote.

Mtoto anayesema Kiswahili nyumbani anaingia darasani na mtaji. Aliyezoea "kitabu kizuri, vitabu vizuri" hashangai kukuta *puer bonus, pueri boni*, yaani mvulana mwema, wavulana wema. Mtaji huo nao mnautupa.

Mwaka 2021 wizara yenyewe ilinukuu takwimu za British Council, shirika la Uingereza la utamaduni na elimu: Kilatini kilifundishwa katika asilimia 2.7 ya shule za serikali, na asilimia 49 ya shule binafsi. Pengo hilo ndilo mlilosema mnataka kuliziba. Wa shule za kulipia wataendelea na somo lao Machi kama kawaida. Hawa wetu je?

Tunaomba fedha ziendelee hadi Julai 2025. Ikishindikana kwa madarasa yote, basi kwa darasa la mtihani. Darasa la mtihani tu, Mheshimiwa, hadi karatasi ya mwisho ya Juni.

Tunasubiri jibu lako kabla ya likizo fupi ya Februari.

Wako,
Walimu wa Kilatini tunaozungumza Kiswahili