Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Mkurugenzi: naomba dizeli

Mheshimiwa,

Salamu kutoka Tanga. Kwa umri ningesubiri shikamoo yako, lakini cheo ni cheo, kwa hiyo naanza mimi, kwa heshima zote.

Jumapili saa 11 alfajiri mlinzi alinipigia simu nikiwa Handeni. "Dokta, huku maabara kuna maji sakafuni." Nilirudi na basi la kwanza. Umeme ulikuwa umekatika tangu Ijumaa asubuhi. Jenereta ipo, nzima, imepakwa hadi rangi mpya. Tangi lake kavu. Friza inayotakiwa kukaa nyuzi 80 chini ya sifuri nimeikuta nyuzi 6 juu. Kengele yake ililia mpaka betri ikafa. Mlinzi anasema alidhani ni gari la mtu.

Mle ndani mlikuwa na miaka 11 ya kazi yangu. Ni damu ya watu wenye homa ya ini B, watu walewale, kila baada ya miezi 6. Tisa kati yao walikuja kupata saratani ya ini, na saba tumekwisha kuwazika. Nilitaka kujua damu zao zilianza kusema nini kabla tumbo halijavimba. Sasa nitamwomba nani? Marehemu hatolewi damu mara ya pili.

Mhasibu wako amenishauri niwashe friza zigande upya. Mheshimiwa, samaki wa soko la Deep Sea akishachina, hata umrudishe kwenye barafu, mnunuzi atamnusa tu. Vimeng'enya vilivyomo kwenye damu havingoji kibali cha ununuzi. Joto likipanda vinaikatakata RNA, ile nakala ya maagizo ya jeni, na kilichokatwa hakiungiki. Vimesalimika vipande vya ini vilivyozamishwa kwenye nta ya parafini. Humo angalau naweza kutafuta alama ya sumukuvu, ile herufi moja ya DNA, G, inayogeuka T kwenye kodoni (kikundi cha herufi tatu) ya 249 ya TP53, jeni inayotukinga na saratani. Sumukuvu ndiyo ile ya mahindi na karanga zilizohifadhiwa na unyevu, iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016. Ikikutana na virusi vya B kwenye ini moja, hatari ya saratani huongezeka maradufu na zaidi. Watu wangu wengi wanakula ugali wa mahindi ya ghalani kwao, ndiyo maana nilikuwa Handeni.

Utaniona nalilia vichupa. Kaka yangu alifariki Muheza akiwa bado kijana, tumbo limejaa maji, macho ya njano kama binzari. Ukoo ulisema ni kijicho cha jirani. Mimi nilikuwa mwaka wa pili wa udaktari na sikuwa na la kuwajibu. Mtafiti wa Marekani, Baruch Blumberg, alikwisha kuiona alama ya virusi hivi mwaka 1965, kwenye damu iliyokusanywa kwa watu wa mbali na kutunzwa, akapewa Nobel mwaka 1976. Damu iliyotunzwa, Mheshimiwa! Chanjo ikaruhusiwa Marekani mwaka 1981. Kaka alizaliwa 1983, na huku kwetu ilianza kuwafikia watoto miaka ya 2000.

Mwezi Machi ulikuja kukata utepe wa friza hiyohiyo. Ulisema dizeli italetwa kabla ya mwezi kwisha, ukaongeza mwenyewe kwamba ahadi ni deni. Mimi sikuyatia maneno hayo kinywani mwako. Pilau ya siku ile, nimepiga hesabu, ingejaza tangi mara 4, na ilikuwa tamu, sikatai.

Nasikia ombi letu lilirudishwa kwa kukosa muhuri. Wengine wanasema limeingia kwenye mfumo na mfumo umelala. Labda dizeli ilitoka kweli, ikaishia kwenye gari lenye kibendera. Sina ushahidi, nimesema labda.

Nilipoanza kuandika nilitaka kuomba friza ya pili, mtungi wa naitrojeni, fundi wa kudumu. Nimeyafuta yote. Naomba lita 60 za dizeli, na ufunguo wa jenereta ukae kwa mlinzi badala ya kufungiwa kwenye droo ya ofisi ambayo wikiendi haifunguliwi. Dizeli na ufunguo. Ukiona ni viwili vingi, basi dizeli.

Jumatano nilikuwa niende kumtoa damu mama mmoja ambaye mumewe ni kati ya wale saba. Nimeahirisha. Akanipigia: "Mwanangu, hivi ile ya baba yenu bado mnayo?"

Nimemwambia mtandao unasumbua, nikakata.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mtafiti wa ini,
Chumbageni, Tanga